Nimejitoa, Wakanitoa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, jina langu ni Wakesho, na shida zangu hazipangi foleni, zinakuja zikisukumana. Mume wangu alitoka hapa Voi kwenda Mboghoni kununua ndizi, na mpaka leo ndizi hazijafika. Kibanda changu cha mitumba pale sokoni kikabomolewa kupisha mtaro wa maji. Mtaro wenyewe haujachimbwa.

Kilichobaki cha kuniamsha asubuhi ni kikundi chetu, kinaitwa Wenyewe. Hospitalini ukilazwa, kitu cha kwanza wanachouliza ni "mwenyewe yuko wapi?", yaani ndugu wa kukusimamia. Sasa hapa kwetu barabara kuu na reli zinatuletea watu waliogongwa, walioanguka, walioibiwa mpaka viatu, na wengi wao mwenyewe hawana. Sisi ndio tunakuwa wenyewe wao. Tunawaosha, tunawalisha, tunawatafutia jamaa zao. Hatulipwi. Usiniulize kwa nini tunafanya, maana nikianza kukueleza gazeti litajaa.

Mgonjwa wangu mimi ni Mbinya, mama mzee wa Kikamba aliyeokotwa kando ya barabara taya limevunjika. Daktari amelifunga kwa waya, kwa hivyo haongei, na uji anakunywa kwa mrija. Hata jina lake nililipata kwa kumtajia majina ya Kikamba moja moja mpaka akanifinya mkono. Nikimuuliza kwao ni wapi, ananyoosha kidole upande wa Nairobi. Na upande wa Nairobi ni mrefu.

Wiki jana niliwaachia pale geti la hospitali, soja anayelinda amenisimamisha na flaski yangu ya uji, ananiambia jina langu limekatwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa wodini.

"Limekatwa na nani?" nikamuuliza.

"Na kikundi chenu. Wamesema umejitoa."

"Nani amejitoa?"

"Wewe, mama. Mimi nimeambiwa tu."

Nikiwa bado namkodolea macho, akatokea sista Elsie, muuguzi wa wodi ya akina mama. Elsie si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuja mbio.

"Wakesho, umepotelea wapi? Mbinya hajaonja kitu tangu jana. Wenzako walileta msichana mwingine, akamtia mrija mdomoni, Mbinya akageukia ukuta."

"Mpelekee hii flaski basi."

"Nitaipeleka, lakini hata kwangu hanywi, nimejaribu. Enda ukatengeneze hiyo maneno yenu haraka. Yule mama asipokula atatuishia hivi hivi tukimwangalia."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kula mtu. Simu yangu ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu, skrini imepasuka, kwa hivyo hata kama kulikuwa na maneno kwenye grupu mimi sikuyaona. Sikumngoja fundi. Nilikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya msikiti, kwa mwenyekiti wetu.

Mwenyekiti wetu ni Bi Mwanabibi. Yeye ndiye alianzisha Wenyewe. Asili yao ni pwani, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka wakati mwingine mimi naona haya kufungua mdomo mbele yake. Kibanda changu kilipobomolewa, watu wengi walinipa pole kwa simu. Bi Mwanabibi alikuja na sufuria ya wali, akakaa nami pale kwenye mbao zilizovunjika mpaka nikala. Tangu siku ile ni mama yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanabibi."

"Marahaba. Kaa kitako."

Hakuniita mwanangu. Wala hakunitazama. Hiyo iliniuma kuliko geti.

"Nimekukosea nini mpaka unitoe kwa kikundi?"

"Mimi nikutoe?" Hapo akainua uso. "Wajitoa wewe kwa kinywa chako, kisha waja kuniuliza mimi?"

"Nilijitoa lini?"

Akachukua simu yake, akabonyeza. Sauti yangu ikajaa chumbani. Ilikuwa ile sauti niliyotuma kwenye grupu Jumatatu asubuhi, kabla simu haijaanguka, nikiwa nimechoshwa na mambo ya zile tisheti mpya za kikundi.

"Wengine mnakuja wodini kupiga picha. Mnavaa tisheti, mnapigwa picha, mnaenda zenu. Mimi hiyo tisheti sitavaa. Mimi nimejitoa kwa hii kikundi. Nimejitoa kabisa, na Mungu anajua."

Akaizima. "Nililia, Wakesho. Sikufichi."

"Sasa ulilia nini, na hapo nimesema vizuri? Nimesema nimejitoa."

"Ndiyo. Umejitoa."

"Kwa kikundi."

"Kwa kikundi. Nimesikia."

"Kwa roho yangu yote."

"Haya, kwa roho yako yote. Mbona wazidi kunichoma?"

Tulizunguka hapo kwa hapo kama wendawazimu wawili, kila mmoja anakubali maneno ya mwenzake na kila mmoja anazidi kukasirika. Mwisho nikamwambia, "Bi Mwanabibi, kwetu kanisani mtu akisimama akasema amejitoa kwa Bwana, tunampigia vigelegele. Hakuna mtu anamfungulia mlango atoke."

Akanitazama sana.

"Mwanangu," akasema polepole, "hiyo ni kujitolea. Kujitolea ni kutoa nafsi yako kwa jambo. Kujitoa ni kushika njia ukenda zako."

"Basi mimi nimejitolea."

"Ulisema umejitoa."

"Nilikuwa namaanisha nimejitolea."

"Na hilo 'kwa kikundi'? Mimi nimelisikia kama kutoka kikundini."

"Kwa kikundi. Ndani. Nimejitoa ndani."

Bi Mwanabibi akaziba mdomo kwa ncha ya leso. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka machozi, na mimi na hasira zangu zote nikacheka, maana kweli, silabi moja, "le" moja tu niliyoimeza, ndiyo ilikuwa imenisimamisha getini na mgonjwa wangu analala na njaa.

"Na hukunipigia hata simu," nikamwambia.

"Nilikupigia, haipatikani. Nikamuuliza Morris, akanambia niwachane nawe. Akanambia, Wakesho mwamjua kwa hasira zake, akishasema amesema. Ndipo akaliondoa jina."

Kicheko kikanikauka.

Morris ni katibu wetu. Kijana mtanashati, anaongea vizuri, na uchaguzi ukija anataka kiti cha wadi. Zile tisheti zina jina la kikundi mgongoni na uso wake kifuani. Lakini si hilo lililonikausha. Morris ni Mdawida, Mtaita mwenzangu. Kwao na kwetu tunaonana ng'ambo ya bonde, na kanisa ni moja. Morris mwenyewe nimemsikia kwa masikio yangu akisimama mbele ya waumini akisema amejitoa.

"Bi Mwanabibi, wewe hukunielewa, na si kosa lako. Morris alinielewa."

"Usidhani vibaya. Pengine naye—"

"Alinielewa."

Aliikunja leso, akaikunjua. Kisha akasema, "Jumamosi ni siku yetu uwanjani. Wanachama wote watakuwepo. Njoo, nitakupa nafasi useme mbele ya watu kwamba lilikuwa kosa la neno, na jina lako lirudi pale pale. Ila useme kwa upole, Wakesho."

"Nitasema kwa upole."

"Nakujua mimi."

Jumamosi nilifika uwanjani mapema. Siku yetu ya mwaka huwa ni siku nzuri kweli. Kuna hema la kupima presha bure, akina mama wanapika pilau, vijana wamefagia soko tangu alfajiri, na watoto wa shule wanaimba. Mwaka huu kulikuwa na jambo jipya. Nyuma ya jukwaa kulitundikwa bango kubwa, na kwenye bango alikuwa Mbinya wangu, kitandani, nywele hazijafunikwa. Kando yake Morris amepiga goti, ameshika kijiko cha uji, anatabasamu.

Mtu aliyefungwa taya kwa waya halishwi kwa kijiko. Lakini nani angejua, kama si anayemlisha?

Morris alinifuata mwenyewe, mikono miwili, adabu tele.

"Anti Wakesho, nimefurahi umekuja. Mambo ya juzi tusameheane."

"Ulijua nilimaanisha nini, Morris."

"Mimi nilifuata vile ulisema, anti. Voice note iko." Kisha akahama Kiswahili, akaniambia kwa Kidawida, chini chini, ili Bi Mwanabibi, aliyekuwa amekaa karibu, asishike: nivae tisheti, nipande jukwaani, niombe msamaha kidogo tu, na Jumatatu nitakuwa wodini na mgonjwa wangu. Akaniwekea tisheti mkononi.

Nitawaambia ukweli, niliifungua. Niliipima kwa macho. Nilifikiria Mbinya ameangalia ukuta, nikasema, Wakesho, tisheti ni kitambaa tu, ivae yaishe.

Morris hakunipa nafasi ya kuamua. Alikuwa ameshapanda jukwaani na maikrofoni.

"Ndugu zangu, mama yetu Wakesho alijitoa kwa kikundi, mkasikia wenyewe. Leo amejirudi. Mpigieni makofi, ana neno la kuomba msamaha."

Makofi yakapigwa. Nikapanda na tisheti imening'inia mkononi. Nikaangalia watu, wengi nawajua, wengine nimewauzia nguo za watoto wao.

"Sikujitoa," nikaanza. "Nilikosea neno, na kwa hilo namwomba radhi Bi Mwanabibi, kwa sababu yeye alilia. Kwa mwingine siombi, maana mwingine alinielewa tangu mwanzo akanyamaza. Na huyo mama mnayemwona hapo nyuma hakuulizwa kama anataka kupigwa picha. Hawezi kuongea, lakini kichwa cha kukataa anacho. Tena hajawahi kulishwa na kijiko hicho hata siku moja."

Hapo maikrofoni ikakatika. Sijui ilikatika au ilikatwa. Niliendelea bila yenyewe, kwani miaka niliyoita wateja sokoni sauti nilikuwa naitia wapi umeme?

"Mnataka kuwa wenyewe wa watu, ama mnataka watu wawe mabango yenu? Tisheti yako hii, Morris. Sina mtoto wa kumvalisha."

Nikaiweka juu ya spika, nikashuka. Akina mama wa pilau walikuwa wanacheka kwa chini. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Bi Mwanabibi alinidaka mkono nilipopita.

"Nilikwambia kwa upole, mwanangu."

"Huo ndio upole wangu wote, Bi Mwanabibi."

Aliuachia mkono wangu, na nikajua jina langu halirudi.

Sijafika barabarani simu ikalia. Fundi alikuwa amenirudishia asubuhi ile ile. Alikuwa ni sista Elsie.

"Wakesho, Mbinya ameruhusiwa. Kumetokea ajali barabarani, tunahitaji vitanda, na yeye daktari anasema anaweza kuuguzwa nyumbani. Bili yake ilishasamehewa. Nimempigia katibu wenu, anasema leo wako na sherehe, ningoje Jumatatu. Mimi siwezi kungoja Jumatatu. Asipopata mwenyewe leo, anapelekwa nyumba ya wazee, Mombasa."

"Anakula?"

"Maji kidogo."

"Usimpeleke popote. Nakuja."

Getini soja aliniona kwa mbali, akaanza kukuna kichwa. "Mama, ile jina yako bado—"

"Sijakuja na kikundi. Nimekuja na miguu yangu."

Akasogea. Mpaka leo namshukuru.

Mezani kwa Elsie ikawa swali lingine. "Lazima niandike wewe ni nani wake."

"Andika mwenyewe."

"Mwenyewe wa kikundi?"

"Andika mwenyewe tu, sista. Usiongeze kitu."

Akaniangalia, akaandika. Nikaweka sahihi.

Mbinya alikuwa amelala ameupa mlango mgongo. Nikaita jina lake. Akageuka, akaninyooshea mkono kabla sijafika kitandani, na ule uji wa Elsie uliokuwa umepoa pale mezani akaunywa wote, mpaka mrija ukawa unavuta hewa na kupiga kelele. Nikajifuta macho kwa mkono wa blauzi, sikuona haya.

Tulichukua tuktuk mpaka mtaa wa Sofia, ninakoishi. Chumba changu ni kimoja. Nilimlaza kitandani kwangu, nikajitandikia mkeka chini, nikawasha jiko. Kikundi sina, kibanda sina, mume sina, lakini nyumba ilikuwa na mtu. Nilifurahi. Nilijikuta naimba nikikoroga uji, na mimi siimbi.

Jioni jua halijazama, simu ikalia. Namba siijui. Mikono ilikuwa na unga, nikabonyeza kwa kiwiko ikaingia kwenye spika.

"Naongea na mama Wakesho?"

Sauti ya mwanamume, taratibu, yenye adabu.

"Ndiyo, ni mimi."

"Mama, mimi naitwa Nzomo. Nimeona picha ya mama yangu kwenye Facebook ya kikundi chenu, ile ya sherehe. Nimemtafuta sana. Nimekuja hospitali nikaambiwa wewe ndiye uko naye. Mungu akubariki."

Moyo ulinishuka, kisha nikauonea aibu moyo wangu. Mtoto amempata mama yake, na mimi nasikitika? Nikageuka nimpe Mbinya habari njema.

Kikombe nilichompa kilikuwa kimeshaanguka. Uji umemwagika shukani. Mbinya alikuwa anatikisa kichwa, anatikisa tu, macho hayatoki kwenye ile simu.

"Mbinya, ni mwanao?"

Hakujibu kwa kichwa wala kwa mkono. Yule mama niliyemshika kiuno kutoka kwenye tuktuk akateremka kitandani peke yake. Akashika ukuta, akashika meza, akafika mlangoni, akasukuma komeo mpaka mwisho.

"Mama Wakesho?" ile sauti ikauliza. "Unanisikia? Sisi tumefika. Ndio tunashuka hapa nje."

Simu ikakatwa. Na mlangoni ikaja hodi.

Mimi nimelelewa milimani, kwetu hodi inajibiwa karibu hata kama ndani hakuna kiti cha mgeni. Nilinyamaza. Ikaja ya pili. Nikanyamaza.

Ya tatu ilikuwa na sauti nyingine.

"Wakesho, mwanangu, ni mimi. Nimemleta mwenyewe. Jamaa za mgonjwa wamepatikana, nami nimesema sharti uwe wewe wa kumkabidhi, na kikundini urudi leo hii hii. Nimeshamwambia Morris. Fungua, mamangu."

Katika mji huu wote, mtu mmoja tu ndiye sijawahi kumchelewesha mlangoni, na ndiye aliyekuwa nje, amenirudishia jina langu kwa furaha yake yote. Hakujua alichokuja nacho. Na mimi sikujua. Nilichokuwa nacho ni mama mmoja asiyeweza kusema, amesimama ameegemea mlango wangu kwa mgongo, kiganja kimefunika komeo, ananitazama mimi.

"Bi Mwanabibi," nikasema, "nisamehe. Leo sifungui."